Kengele Iliyojazwa Majani Chai

Nakumbuka bado, mwanangu, Jumapili ile ambayo ndugu yangu Nyakundi alitoka nyumbani kwa miguu yake miwili, mizima, kwa mara ya mwisho. Jana niliwasikia hapo jikoni, wewe na wenzako, mkibishana mkienda kuvua kule juu msituni mbebe nini cha kujikinga. Huyu anasema panga, yule anasema mbwa, mwingine anasema kuna dawa ya kumpulizia mnyama machoni inauzwa mjini. Sikutia neno. Mzee akidakia mazungumzo ya vijana, vijana hukumbuka kuwa wana kazi mahali pengine. Lakini leo uko peke yako na chai yako bado ni moto, basi kaa unisikilize.

Siku zile uhuru ulikuwa bado mpya. Baba yetu alikuwa ametoka Kisii kuja kuchuma chai upande huu wa Kericho, nasi wanawe tulipokua tukamfuata. Kambi yetu ilikuwa ya mwisho kabisa. Ukipita mstari wa mwisho wa chai hukuti ua wala barabara, unakuta msitu, na ndani ya msitu unateremka mto Itare, maji baridi ya kukata meno. Humo mtoni mlikuwa na trauti, samaki wa madoa ambaye Wazungu walimleta kutoka kwao wakammwaga majini ili wapate kitu cha kuvua. Kumvua kulitaka leseni, na leseni haikuwa kitu cha watu wa kambini. Palikuwa na askari wa mto, mtu mmoja mrefu aitwaye Cheruiyot, aliyekuwa akizunguka kingoni na koti lake kubwa la kaki. Sisi vijana tulimwogopa kuliko tulivyoogopa radi.

Nyakundi alikuwa ameoa mwaka huo. Mke wake, shemeji yangu Kemunto, alikuwa mja mzito, na hamu yake yote ilikuwa samaki. Samaki mkavu wa sokoni Sotik alimtapisha. Alimtaka samaki mbichi. Na mwanamume aliyeoa juzi, mwanangu, akiambiwa na mkewe kwamba anatamani mwezi, huanza kutafuta ngazi. Nyakundi akaapa kwamba Jumapili hiyo samaki atalala kwenye chungu.

Shida haikuwa samaki. Shida ilikuwa nyati. Mwezi huo walikuwa wameshuka hadi kwenye chai yenyewe, tulikuwa tukiona samadi yao asubuhi katikati ya mistari, na mama mmoja wa kambi ya pili alikuwa amekimbizwa akienda kuokota kuni. Kwa hiyo Nyakundi akajitayarisha. Aliazima mkuki kwa mlinzi wa kiwanda. Akamchukua na Bobi, mbwa wetu, mbwa mkali kweli, aliyekuwa akiwabwekea hata nyapara. Mkuki mkononi, mbwa mbele, mimi nyuma, ndugu yangu alijiona jeshi kamili.

Njia ya kwenda mtoni ilipita kwa mzee arap Tonui. Huyu alikuwa Mkipsigis wa rika la zamani, mwenye ng'ombe wake ukingoni mwa msitu na mizinga yake ya asali ndani kabisa. Wazee wa Kipsigis wa siku hizo samaki hawakumtaka hata kwa harufu. Yeye alikuwa akiniambia samaki ni nyoka aliyekosa nyasi za kutambaa. Lakini msitu aliujua, kwa sababu alikuwa akiingia humo peke yake, na uzee wake wote, na kila mara alirudi. Tulimsalimu, akatutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha macho yakatua kwa Bobi.

"Hiyo mbwa mnapeleka wapi?"

"Inatulinda na nyati, mzee," Nyakundi akajibu.

Mzee akacheka kidogo, halafu akaacha. "Kijana, sikia mimi. Mbwa itaona nyati, itaenda kutukana yeye. Nyati itakasirika. Sasa mbwa itaogopa. Ikiogopa inakimbilia nani? Si mwenyewe? Basi italeta nyati mpaka kwa miguu yako."

"Niko na mkuki."

"Ukishika samaki, mkuki itashikwa na nani?"

Mzee akaenda kwenye zizi, akamfungua ng'ombe mmoja kengele ya shingoni, ile ya bati zito yenye ulimi wa chuma, akaja akaifunga kwenye mshipi wa ndugu yangu kwa mkono wake mwenyewe. Akaitikisa. Ikalia mpaka ng'ombe wote wakageuka.

"Mimi natembea na hii," akasema. "Na ninaimba, na ninakohoa. Nyati haitaki wewe. Inataka njia. Ikisikia wewe mapema, inaenda yake. Ukiipata ghafla kwa kichaka, hapo ndio inaua. Na kama ni ile dume ya zamani inakaa peke yake, hata kengele haisaidii sana, lazima ujue mti yako ya kupanda ni gani. Lakini hiyo mbwa acheni hapa."

Tulimshukuru kwa heshima zote. Mbwa hatukumwacha. Na hapo ndipo penyewe, mwanangu, sikia vizuri. Tulipofika kwenye mstari wa mwisho wa chai, mahali ambapo mzee hangeweza kutuona tena, Nyakundi akasimama. Akachuma majani chai, yale teketeke, mawili na kichipukizi kama tulivyofundishwa kuchumia kampuni, akayashindilia ndani ya kengele konzi kwa konzi mpaka ulimi wake ukakwama kabisa. Akaitikisa. Haikusema kitu.

Nikamwambia, "Kaka, mzee amesema iwe inalia."

"Ikilia, Cheruiyot atasikia," akanijibu. "Unataka tulale selo? Nyati simwoni hapa. Cheruiyot yuko."

Mimi ni mdogo wake. Kwetu mdogo husema mara moja. Tukaingia msituni kimya, tukinyata kama wezi, na kwa kweli wezi ndio tuliokuwa.

Mto ulikuwa mzuri asubuhi ile. Sikufichi, nilifurahi. Nyakundi alitupa ndoano na nyungunyungu wake, na kabla jasho halijakauka alikuwa amevuta trauti wa kwanza, mnene, anaruka kwenye nyasi. Akauegemeza mkuki kwenye mti nyuma yake, maana mkono mmoja ulishika ufito na mwingine ulishika uzi. Mimi nilikuwa juu kidogo, natafuta nyungunyungu wengine chini ya mawe. Bobi akanusa upepo. Masikio yakasimama, akaingia kichakani ng'ambo ya ile njia tuliyojia.

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Tulisikia Bobi akibweka kwa hasira, kisha sauti ikabadilika ikawa ya kulia, kisha miti ikaanza kuvunjika. Bobi akatoka kichakani mkia umeingia tumboni, na hakunikimbilia mimi wala hakukimbilia mtoni. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa bwana wake, akapita katikati ya miguu yake. Nyuma yake kikaja kile kitu cheusi. Nyakundi aligeuka kuutafuta mkuki. Hakuufikia.

Sitakueleza yote niliyoyaona kutoka juu ya mti niliokuwa nimeupanda bila kujua nimeupanda. Nyati alimrusha mara mbili, akamkanyaga mguu na nyonga, kisha akasimama, akanusa, akarudi zake kichakani. Bobi sikumwona tena mpaka leo. Ndugu yangu alikuwa akilia kwa sauti ndogo, kama mtoto, akimwita mama yetu.

Nilishuka. Nilijaribu kumbeba, nikashindwa, alikuwa mzito na kila nikimgusa anapiga kelele. Nikapiga mayowe, lakini mto kule una maporomoko, unameza sauti ya mtu. Ndipo nikaiona ile kengele mshipini. Nikaifungua, nikaanza kuchokoa majani chai kwa vidole. Yalikuwa yameshindiliwa na kulowa damu, yanatoka vipande vipande. Nilijua ikilia Cheruiyot atakuja. Nilijua pia nyati hayuko mbali, na sikuwa na hakika kengele ingemfukuza au ingemrudisha. Nilipopata ulimi wa chuma ukacheza, nikaipiga, nikaipiga, nikilia pamoja nayo.

Aliyekuja alikuwa Cheruiyot. Alisikia kengele ya ng'ombe mahali ambapo ng'ombe hawafiki, akajua kuna jambo, akaja mbio na koti lake. Akaona ndoano. Akaona samaki. Hakuuliza leseni. Akavua lile koti tuliloliogopa miaka yote, akakata mti mmoja, akachukua ule mkuki wetu uliokuwa bado umeegemea pale pale, akaifanya miwili hiyo mipini ya machela, akamlaza Nyakundi juu ya koti. Tukambeba mpaka barabara ya chai, trekta ikampeleka hospitali. Kengele nilikuwa nimeifunga kiunoni, na njiani Cheruiyot alikuwa akiniambia, "Piga kengele, kijana, piga, wasikie tunapita." Kumbeba ndugu yangu ndiyo kazi pekee ambayo ule mkuki ulifanya siku ile.

Nyakundi hakufa. Lakini nyonga haikuunga vizuri, na alitembelea fimbo mpaka tulipomzika, na chai hakuchuma tena. Methali ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu watu huisema kwa mzaha. Kwetu ilitimia kama ilivyo, na hakuna aliyecheka.

Mzee arap Tonui alikuja kumwona hospitalini, na kibuyu chake, sotet ya mursik, chini ya koti, maana kwake hakuna mgonjwa asiyepewa maziwa ya kibuyu. Nilikuwa nimemrudishia kengele yake siku iliyopita. Akaitoa mfukoni, akaingiza kidole, akavuta jani moja lililokuwa limebaki, akaliweka juu ya blanketi.

"Nilikupa kengele. Hii ni nini?"

Nyakundi akageuza uso ukutani. "Niliogopa askari, mzee."

"Na askari angefanya nini?"

"Angenishika."

"Angenyang'anya wewe ndoano. Pengine kofi moja. Pengine kortini, ulipe faini, urudi nyumbani, bibi akucheke." Mzee hakupandisha sauti hata kidogo. "Kijana, ulikuwa na woga mbili, ukasikiliza ile ndogo. Hukukosa kitu ya kujikinga. Ulikuwa nayo kwa mshipi. Uliiziba mdomo wewe mwenyewe."

Kemunto alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, akasikia yote. Alianza kulia. Mzee akamwendea, akampa ile kengele, akamwambia mtoto akianza kutembea amfungie, ili nyumba ijue aliko. Ndivyo kengele ilivyoingia katika ukoo wetu.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Ukienda mtoni huko juu, mbwa mwache nyumbani. Panga ni la kukatia kuni, usilitegemee, maana mtu anayevua hana mkono wa tatu. Nenda na wenzako, ongea, imba hata kama sauti yako ni mbaya, na ya kwako ni mbaya. Ukiona samadi yenye mvuke, geuka, samaki watakuwepo kesho. Hiyo dawa ya kupuliza kama mtaibeba, ifungwe kiunoni, isikae ndani ya mfuko chini ya sufuria. Na leseni chukueni, siku hizi haimtengi mtu.

Lakini kuna kubwa kuliko hayo, na nimeishi miaka mingi ndipo nikalielewa. Ukiona njia fulani huwezi kuipita na kengele ikilia, usiipite. Iwe ni msitu, iwe ni biashara, iwe ni nyumba ya mtu. Siku utakapojificha ili mmoja asikusikie, jua kwamba umejificha kwa wote, hata kwa yule ambaye angekuja kukubeba. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kaka yangu alijificha kwa Cheruiyot, na ni Cheruiyot aliyekuwa na koti.

Kengele iko pale nyuma ya mlango, kwenye msumari. Nyanya yako Kemunto aliniachia kabla hajafariki, na kabla yake mtoto wake aliivaa, mama yako huyo, akitembea humu ndani kama ndama. Ichukue. Ulimi wake nimeupaka mafuta jana usiku baada ya kuwasikia mkibishana.

Mungu akutangulie mtoni na akae nyuma yako ukirudi. Wenye msitu wakusikie mapema wakupishe, na mti wako wa kupanda usiwe mbali. Na sisi tuliobaki hapa nyumbani, masikio yetu yakiwa bado yanafanya kazi, tukusikie ukienda, na jioni tukusikie ukija.