Jiko la Mkaa Milimani Mbizi

Turubai jipya lina harufu yake, harufu ya plastiki iliyokaa imekunjwa dukani pamoja na mafuta ya taa na sabuni za miche. Utotoni niliipenda harufu hiyo kuliko ya maandazi. Lilipotandazwa kwenye uwanja wa kanisa la kigango chetu, huku Malangali, nilijua safari imeiva: siku tatu kwenye milima ya Mbizi, watoto kumi na wawili, sufuria mbili kubwa, gunia la mkaa, unga, maharage na dagaa wa ziwani. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimemaliza la saba, matokeo hayakunipeleka popote, lakini kwenye kikundi cha watoto mimi ndiye niliyekuwa kiongozi na filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa naota kwamba nitakuja kuongoza watu kwenye milima yote ya nchi hii, hata ule wenye theluji, na nilishaanza kutembea kama mtu anayeijua theluji.

Mtu mzima wetu alikuwa Katekista Lazaro, mzee mrefu mpole ambaye akiimba kila mtu anapoteza sauti yake. Na mdogo wetu kuliko wote alikuwa Oliva, binti wa jirani yetu, miaka saba, meno ya mbele hana. Mama yake hakutaka aende. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha, na Mbizi ina baridi hata jua likiwaka. Nilikwenda kumbembeleza mara tatu. "Wewe Sesi, kifua cha huyu mtoto si unakijua," aliniambia. Nikamjibu, "Mama Oliva, nitamwangalia mimi mwenyewe. Baridi haitamgusa." Oliva akatokeza kichwa mlangoni: "Mama, nikikohoa nitakohoa polepole." Mama yake akacheka bila kupenda, na akishacheka alikuwa ameshindwa.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Tulipanda tukiimba, tukafunga turubai letu kwa kamba kati ya miti, tukakata nyasi za kulalia. Siku ya pili niliwapeleka ukingoni, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Rukwa linaonekana huko chini, jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Watoto walinyamaza wote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tulikaa sana. Katekista alikuwa ameniambia nirudi kabla mawingu hayajashuka, lakini nilitaka waone zaidi, na mvua ikatukuta njiani. Mvua ya Ufipa ikija na upepo haina huruma. Tulipofika kambini ilikuwa alasiri, watoto wanatiririka maji, midomo ya Oliva imekuwa ya kijivu, na meno aliyobaki nayo yanagongana.

Katekista aliteremka haraka kwenye kijiji cha jirani kuazima mablanketi. "Wavue hizo nguo mbichi, wabanane, mimi narudi sasa hivi," alisema. Hakusema kitu kuhusu jiko. Jiko lilikuwa wazo langu. Nilifanya kile nilichomwona mama akikifanya kila mwezi wa Julai: nikawasha mkaa nje, nikasubiri uive uwe mwekundu usio na moshi, nikaliingiza jiko chini ya turubai. Niliwaketisha wadogo watatu wakilizunguka, nikawafunika kanga. Upepo ulikuwa unapenya chini, basi nikashusha turubai mpaka ardhini, nikalikandamiza kwa mawe pande zote. Nilitafuta mawe mazuri, mazito. Nyumbani kwetu kati ya ukuta na bati pana uwazi, shomoro wanaingia na kutoka wanavyotaka. Sikuwahi kujiuliza uwazi ule una kazi gani.

Kisha nikatoka kupika uji na wakubwa chini ya mti, nimejaa furaha kwamba nimeyamudu mambo. Niliporudi na vikombe, wawili walikuwa wanalalamika vichwa vinagonga, mmoja ametapika. Nikadhani ni dagaa. Oliva alikuwa amelala. Nilimwekea kanga ya pili nikawaambia wenzake, "Msimwamshe, mwacheni apumzike." Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, kwa upendo.

Katekista alipofika na mablanketi begani alifunua turubai, akashika jiko kwa mikono mitupu akalitupa kwenye mvua. Wale wawili aliwaburuta nje wakapata hewa, wakazinduka. Oliva alimbeba mgongoni mpaka barabarani akikimbia, mzee wa umri ule, akapata bodaboda. Hospitali walimwambia mtoto amefika akiwa ameshakata roho, na wakamweleza habari ya hewa ya mkaa.

Siku ya tatu baada ya mazishi wazee walituita kigangoni. Wakauliza nani aliingiza jiko. Nilifungua mdomo. Katekista akawahi: "Ni mimi. Sesi alikuwa anapika." Akanitazama hivi, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Nikafunga mdomo. Walimwondoa ukatekista, akahamia Laela, akawa anabeba magunia ya mahindi kwa wanunuzi. Mimi watu walinipa pole.

Miaka kumi nilinyamaza. Mwaka jana mzee Lazaro alikuja kwenye msiba mtaani kwetu, amekonda, akapita akiwapa watu mkono. Alipomfikia Mama Oliva, mama yule aliificha mikono yake ndani ya kanga. Mzee akainamisha kichwa, akapita. Sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda kwa Mama Oliva. Alikuwa anapepeta ulezi uani. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikasema yote: jiko, mawe, kanga ya pili.

Ungo ulisimama. Kuku wakaanza kuusogelea. Kisha akauliza, "Alikuwa ameshapata joto?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Mikono yake ilikuwa ya moto."

"Basi," akasema, akaendelea kupepeta.

Siku hizi watoto wa kigango wanakwenda kambi na mahema yenye madirisha ya wavu, na akina mama wawili watu wazima, na mkaa haukaribii hema. Waliniomba niwaongoze. Nawasindikiza mpaka mwanzo wa kupanda, nahakikisha kila mmoja ana sweta, halafu narudi. Nasikia Mama Oliva alisafiri mpaka Laela kumpa yule mzee mkono. Mimi nikimwamkia mama huyo shikamoo ananiitikia marahaba, lakini macho anayapeleka kwingine, na nimeacha kuyafuata.