Uzi wa Kisangani hadi Bujumbura

Kabla hujaondoka, mwanangu, sikia: kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Nilikuwa kijana hapa Kisangani, enzi za Zaire. Shule niliiacha mapema. Niliyoyajua nilijifundisha mwenyewe kwa atlasi kuukuu, na hakuna nilichokiogopa kama kukosea.

Dada yangu Zainabu alikuwa ameposwa na mfanyabiashara wa Buyenzi, kule Bujumbura. Zainabu naye alimpenda. Mama tu ndiye aliyekataa. "Burundi iko mbali, iko inchi ya watu," alisema, na mposaji alishaanza kuchoka kungoja.

Nikaona kazi hiyo ni yangu. Nikanyoosha uzi wa cherehani kwenye ramani, nikapima, nikapima tena, maana moyo wangu hautulii na jibu la kwanza, hata leo. Kisha nikamfuata mama jikoni, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, Zainabu kando yake.

"Mama, Bujumbura iko kilomita mia sita na kidogo. Kinshasa iko mbali karibu mara mbili! Na ndege ni masaa mbili tu."

Mchi haukusimama. "Bon. Na akizaa, uzi yako ndiyo itamukanda?"

Zainabu akacheka, machozi yamemlenga.

"Donc wewe utamupeleka," mama akaendelea. "Masaa mbili tu, si ndiyo?"

Sikuwahi kupanda ndege. Hata kuziona zikiinama juu ya mto kabla ya kutua kulinitia kizunguzungu.

"Ah! Njia iko fupi kwa miguu ya wengine," akasema mama.

Hakunitukana, mwanangu. Lakini nilimwona Zainabu akikikunja kitenge alicholetewa na mchumba, akikirudisha sandukuni polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha marehemu. Maneno matupu hayavunji mfupa. Nikarudi kwa mama.

"Mama, nitamupeleka. Na akizaa, nitakuchukua, twende wote."

Ndipo alipouweka mchi chini. "Alors, sasa umenijibu."

Tulisafiri. Ramani haikudanganya: angani tulikaa saa mbili hivi, ingawa tuliingoja ndege tangu alfajiri. Njia nzima bibi harusi ndiye aliyenishika mkono mimi! Na mwaka uliofuata nilimpeleka mama kumkanda mzazi, kifurushi cha samaki wakavu magotini, akisimulia habari za mjukuu kwa kila abiria aliyegeuza shingo.

Mwanangu, hesabu ni njema, usiache kujifunza. Ila mtu akikuambia "ni mbali," usikimbilie kumpimia njia. Sikiliza kwanza anamhofia nani. Na ukisema njia ni fupi, uwe tayari kwenda naye. Wazee walisema mguu wa kutoka Mungu ameubariki, hawakusema uzi.

Basi nenda, Mungu akupe miguu ya kuwafikia uwapendao, na kila urudipo ukute mlango wa kwenu uko wazi.