Tulipowasalia Watu wa Kwenye Shuka

Naikumbuka siku vita vilipokuja Garsen, mwanangu, nami nikavitazama nimekaa mkekani, mikono bado inanuka samaki. Ilikuwa miaka ya hamsini. Gari la sinema la serikali lilifika mchana, likasimama kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, na kufikia magharibi uwanja ulikuwa umejaa. Hata wenye maduka walifunga mapema, jambo ambalo hawakulifanya kwa harusi ya mtu yeyote.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimekaa na mama mkwe wangu. Mwanawe mkubwa, Jilo, shemeji yangu ambaye sikuwahi kumwona, alichukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma. Wenzake waliporudi, yeye hakurudi. Chifu alimwambia mama kuwa Jilo amepotea, naye akalishika neno hilo hilo: mwanawe amepotea tu, kwa hiyo hakuna matanga. Miaka ikapita. Hakuna aliyethubutu kumtaja Jilo pamoja na marehemu mbele yake, sembuse mimi, maana mama yule nilimwogopa kuliko mamba.

Mkalimani, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, akashika kipaza sauti akatuambia kuwa picha hii ni ya vita vya Burma, na mambo yake ni ya kweli, yalitokea. Injini ikanguruma, mwanga ukapiga shuka jeupe, na ghafla pale mbele palikuwa na mto. Mimi nimezaliwa mtoni, mwanangu, lakini sijawahi kuduwaa mbele ya maji kama jioni ile. Mto mpana, msitu mnene, na watu weusi kama sisi wanavuka, maji kifuani, bunduki zimeinuliwa juu ya vichwa. Hakuna aliyekohoa. Mizinga ilipolia niliisikia ndani ya mbavu, na ng'ombe zizini wakaanza kugongana. Kisha askari wakaanza kuanguka. Mmoja aliangukia majini, mto ukamchukua polepole, na mkono wake ndio uliokuwa wa mwisho kuonekana.

Hapo ndipo nilipokumbuka nimekaa na nani. Nikamshika mkono nikamnong'oneza twende nyumbani. Hakunigeukia.

"Niache," alisema. "Nataka kuona alikokwenda."

Nikamwacha. Alitazama mpaka mwisho, leso mdomoni, machozi yanatiririka wala hayafuti. Nimeona mafuriko na nimeona uzazi mgumu, lakini ushujaa wa namna ile sikuuona tena.

Picha ikaisha, mkalimani akaanza kutuaga. Watu hawakuondoka. Mwalimu wa chuo, mzee aliyetusomesha Kurani sote, akainuka akauliza wale waliokufa wamezikwa wapi. Mkalimani akatabasamu, akaeleza kwa upole kuwa wale ni waigizaji, picha ikikwisha wanaamka na kunywa chai. Vijana wakaangua kicheko, wakamwona mzee wa watu mshamba.

Mwalimu hakukasirika. Alimuuliza kama si yeye aliyesema mambo haya ni ya kweli, naye akakubali.

"Basi kwa kila aliyejiangusha pale," alisema mwalimu, "yuko aliyeanguka kweli asiamke. Huyo ndiye ninayemuulizia. Nani alimsalia?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu akasema tutawasalia walio mbali, sala ya ghaibu, na mwenye mtu wake amtaje. Maji ya udhu yakaletwa kwa madebe kutoka dukani. Wanaume wakapanga safu kwenye vumbi la mnada, wameelekea kibla, nasi wanawake nyuma yao. Wagiriama wasio wa dini yetu wakavua kofia, wakasimama kando. Jina moja likatajwa, kisha jingine, kisha kimya. Mwalimu hakuinua mikono kuanza sala. Alikuwa anangoja, na sisi wa kijiji kimoja tulijua anamngoja nani.

"Jilo," akasema mama mkwe wangu. "Mwanangu Jilo."

Kesho yake mikeka ilitandikwa uani kwetu, na wanawake wakaja kumlilia pamoja naye.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitazama vita kwenye hizo televisheni zenu, mdomo umejaa karanga, na ukaambiwa ni kisa cha kweli, tulia kidogo. Usiishie kuuliza nani alishinda. Uliza aliyeanguka ni mtoto wa nani, na kama kuna aliyemwombea. Kama hujui, muombee wewe. Na mwenye msiba usimzibe macho kwa kumhurumia, kama nilivyotaka mimi. Akitaka kuona, kaa naye aone.

Mungu akurudishe nyumbani salama kila unapotoka. Na safari utakayoshindwa kurudi, akujaalie mtu wa kusimama mbele za watu akalitaja jina lako.