Meno ya Simba wa Agra

Fundi wa mazulia wa Silver Spring, Marekani, huyapa shikamoo mazulia ya kale ya Kihindi, maana yamemzidi umri, ndipo avue viatu na kuyakalia. Kila akifunga fundo la sufu hulibonyeza kwa kidole gumba, akaguna. Euphrasia, anayepokea simu dukani, ameshamzoea. Ila zulia moja la Agra, mji wa India, lenye simba anayemfukuza swala, lilifika limeliwa na nondo: swala hana miguu, simba hana meno. Miguu ilikamilika kwa wiki moja. Meno, huu mwezi wa tano sasa, bado.

Leo mwenye zulia kapiga simu, anatishia kulipeleka kwingine.

"Nimwambie nini, fundi?"

"Mwambie swala bado hajafika mbali."

Euphrasia akainama, akatazama. Kweli, hajafika mbali. Akarudi kwenye simu, akamwombea swala wiki mbili zaidi za kukimbia.