Upande wa Kulia wa Maksai

Mboje alikwenda mara tatu kwa mshauri nasaha pale Lagangabilili, na kila alipoulizwa anaendeleaje tangu afiwe na mkewe, Maximiliana, alijibu "Mhola," salama tu, macho yakiwa kwenye kofia aliyoipakata. Mara ya nne Jenipha, yule mshauri, hakumkaribisha kiti. Alimpeleka kwenye zizi la baba yake mwenyewe, akamkabidhi kamba ya maksai mmoja mzee.

"Mwenzake wa nirani alikufa masika," alisema. "Mpeleke lamboni akanywe, baba."

Mboje alinuna. Miaka arobaini amelima pamba nyuma ya plau, leo anatumwa kunywesha ng'ombe wa watu kama mtoto. Hata hivyo alikwenda. Maksai akashika ukingo wa kushoto wa njia, bega likikwaruza ua wa minyaa, na kulia kwake akaacha nafasi ya kutosha ng'ombe mzima. Mboje alimvuta katikati, maksai akarudi kushoto. Alimvuta tena huku akimtukana kwa Kisukuma, maksai akarudi kushoto.

Walipotoka lamboni Mboje hakuvuta tena. Aliingia kwenye ile nafasi, wakatembea sambamba mpaka zizini.

Jenipha alipokea kamba.

"Mwanangu," Mboje alisema, akiwa bado anamtazama maksai, "kitanda chetu ni kipana. Lakini mpaka leo nalala nimejibana ukutani."