Shemeji Aliyejinyoa kwa Patasi

Nilimwona shemeji yangu akijinyoa ndevu kwa patasi.

Sijakosea kuandika. Patasi, ile ya seremala ya kuchimbia matundu kwenye mbao. Mchana kweupe, mbele ya karakana yetu, watu wamejaa na simu zao juu.

Akaipitisha kwenye shavu moja. Ndevu zikadondoka. Akaipitisha kwenye la pili. Hakuna hata tone la damu.

Watu wakapiga makofi.

Mimi nikaendelea kupiga randa mlango wa mteja, maana ukweli niliujua, na ukweli wenyewe ulikuwa umesimama nyuma yangu ukifuta mikono kwa kitambaa.

Dada yangu. Mke wa huyo msanii.

Karakana alituachia baba. Mimi nilichukua randa na misumeno, dada akachukua kunoa, na tangu akiwa msichana sijaona wa kumfikia. Patasi ikitoka mkononi mwake inaingia kwenye mbao kama imepakwa mafuta.

Jiwe la kunolea kila seremala analo. Lakini ukitoka kwenye jiwe, kwenye makali hubaki kinyuzi cha chuma. Hukioni, ila ukipitisha kidole unakihisi. Hicho ndicho kinachochana mbao badala ya kuikata.

Dada hukiondoa kwa ngozi.

Anaokota mikanda mikuukuu, anaomba mabaki kwa fundi viatu, ngozi nene ya ng'ombe, siyo haya maplastiki yanayojiita ngozi. Anaigundisha kwenye ubao ulionyooka, upande wa kukwaruza juu, anaibana mpaka gundi ikauke. Anaipaka dawa ya kijani ya kung'arishia chuma. Kisha anavuta patasi juu yake, kurudi nyuma tu, taratibu, mpaka chuma kinakuonyesha meno yako.

Na shemeji je?

Shemeji alikuja kutusaidia kwa muda baada ya kuachishwa kazi ya kulinda geti. Alilala, geti likaibwa. Geti lenyewe.

Tangu hapo hakuwahi kushika randa, ila kuisogeza apate pa kuweka kikombe.

Alichokuwa nacho ni simu na mdomo. Akajirekodi ameshika ubao wa ngozi wa dada, akajipachika jina, Daktari wa Makali.

"Ngozi ina roho, wapendwa," anaiambia simu. "Lazima uongee nayo."

Ndani, dada anavuta patasi, jasho linamtiririka.

"Dada, huyu anakula jasho lako," nikamwambia siku moja.

"Mwache aongee. Mdomo ni wake."

"Na patasi ni ya nani?"

Dada akaijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, vikatoka vyote, akaiweka pembeni.

Patasi hiyo ndiyo shemeji aliyojinyolea. Video ikasambaa. Haukupita muda, akaja karakana kifua mbele.

"Kiwanda cha samani kimeniita. Kitengo cha kunoa."

"Kimemwita nani?"

"Mimi. Sasa mzoee kuishi bila mimi."

Nikamwambia tutajitahidi.

Akamgeukia mkewe. "Utakuwa unaninolea patasi jioni, asubuhi naondoka nazo. Huko nitakuwa nazipitisha pitisha tu."

"Sawa, mume wangu," dada akasema.

Nilikasirika mpaka nikaharibu mguu wa meza. Wiki hiyo dada alikuwa akitoka kila asubuhi, anasema anatafuta ngozi, nami nikajua anahangaika kwa ajili ya huyu huyu. Nikaona dada yangu amerogwa.

Siku ya kuripoti, shemeji akaniomba nimbebee sanduku la vifaa. Daktari habebi, si unajua. Shati limepigwa pasi, marashi yanatangulia hatua mbele yake.

Kiwandani tukapokelewa na msimamizi, mama wa makamo mwenye penseli sikioni. Mashine zinanguruma, vumbi la mbao limetanda, harufu ya vanishi inakukaba koo. Mafundi wakasogea. Video walikuwa wameiona.

Msimamizi akaweka mezani ubao wa ngozi na patasi.

"Tuonyeshe kidogo, Daktari."

Nilimwona anautazama mlango. Lakini mtu wa mbwembwe hajui kurudi nyuma, kwa hiyo akafanya kile kile ambacho hutakiwi kufanya.

Akasukuma patasi mbele.

Makali yakazama kwenye ngozi na kuipasua kutoka mwanzo hadi katikati.

Hata mimi, ambaye nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu, nilitamani kujificha chini ya meza.

"Kwetu tunasukuma," akasema.

"Kwenu wapi?" msimamizi akauliza.

"Hii ngozi yenu haina roho."

Mafundi wakageuka ukutani, mabega yanatikisika.

Msimamizi hakucheka. "Usijali. Sikukuita kunoa. Mnoaji nimeshampata wiki iliyopita. Wewe ni msaidizi wake, yeye mwenyewe ndiye aliyekuombea nafasi. Si nilikwambia kitengo cha kunoa?"

Akafungua mlango wa chumba cha pembeni.

Akatoka dada yangu. Ovaroli ya bluu, miwani ya kazi juu ya kitambaa cha kichwa.

Nikaliachia sanduku likaanguka.

"Nilipopiga simu mara ya kwanza ulikuwa umelala," msimamizi akamwambia shemeji. "Alipokea yeye. Nikauliza, Daktari wa Makali yupo? Akaniambia yupo, anakoroma, ila anayenoa ni mimi. Nikamwambia njoo nione."

Shemeji akaniangalia. Nikaangalia dari.

"Karibu, mume wangu," dada akasema kwa upole kabisa. "Anza na hiyo uliyoipasua. Bandua, kwangua gundi, ugundishe nyingine. Nitakuonyesha mara moja."

Baadaye nikamuuliza kwa nini alinificha hata mimi.

"Wewe mdomo wako hauna mlango," akanijibu.

Shemeji bado yupo pale. Anakata ngozi, anapaka dawa, anafagia. Juzi nilimsikia akiwasimulia watu kwamba kiwanda kiliwahitaji yeye na mkewe kwa pamoja. Mdomo haujawahi kuachishwa kazi.

Ndugu unayesoma, kama unajivika sifa za mwenzako, jua ipo siku utakabidhiwa kazi yenyewe, watu wamekuzunguka, na hapo simu haitakusaidia kitu.

Na wewe unayefanya kazi kimya huku mwingine akipigiwa makofi, sikwambii ugombane naye.

Mwache alale. Simu yake ikiita, pokea.