Marene wa Mushaki

Furaha, mdogo wangu, alinichagua niwe marene, mama wa ubatizo wa binti yake wa kwanza. Yeye anaishi kwenye vilima juu ya Mushaki, na ubatizo ulikuwa Jumapili asubuhi. Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini nilikuwa nimeahidi.

Jumamosi asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, pale Kyeshero, mjini Goma. Hadi Sake tulipita vizuri. Baadaye matope yalimshinda dereva, akazima injini.

"Mama, sasa utaendelea na miguu. Huku juu moto haiwezi."

Saa sita nilikuwa katikati ya malisho, viatu mkononi, gauni jeupe la mtoto nimelifunga ndani ya sasheti ya plastiki. Njia hizo nimezipita tangu utoto, ila mvua ilikuwa imezivuruga. Kijito nilichokuwa nikikiruka kilikuwa kimefura, chekundu, kikibingirisha mawe. Ng'ambo yake kipande kizima cha njia kilikuwa kimeporomoka bondeni.

Mama mmoja anayetengeneza fromaji, jibini la maziwa ya ng'ombe, aliniita kutoka mlangoni pake.

"Usivuke! Jana mayi ilibeba ndama yetu!"

"Kesho njo ubatizo, mama. Miye njo marene!"

"Basi mutoto anahitaji marene muzima. Ingia ukauke."

Sikumsikiliza. Niliingia hadi magotini, jiwe likanitoka chini ya mguu, nikaketi majini. Nilijiona nimekwisha. Mama yule alikuja mbio, akanishika kitenge na kunivuta hadi kwenye majani. Hakunigombeza. Alinipa viazi vya moto na maziwa, nikala nimejaa haya, na usiku nikalala kwao.

Jumapili alfajiri mvua ilikuwa imekatika, na maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu tu. Mume wake, muzee mpole, alinizungusha kupitia kwenye mikaratusi, kwa kuwa njia ya zamani haikuwepo tena.

"Kanyaga penye majani," aliniambia. "Udongo mutupu inateleza."

Tulipofika kanisani, watoto wengine wote walikuwa wamekwisha kubatizwa. Furaha alisimama mlangoni na mtoto, macho yake mlimani. Padri alinitazama miguu, matope hadi mapajani.

"Marene ametoka shamba?"

"Ametoka mulima, padri," Furaha akajibu, akilia na kucheka pamoja.

Niliosha mikono, nikamvika mtoto gauni lake, nikampokea. Hakulia hata kidogo alipomwagiwa maji.

Jumatatu nilirudi Goma juani. Nilipita kumwachia mama wa fromaji kilo mbili za sukari, naye akanifungia kipande cha fromaji kwenye jani la ndizi. Mimi nilidhani kuzaliwa vilimani kunatosha kuijua njia. Sasa, msimu wa mvua, naondoka siku mbili mapema, na kwenye nyumba ya kwanza ya mteremko nabisha hodi, nauliza njia ya leo iko wapi.